Kombe za kuoka nilizompikia mke wangu Mikumi, na kile kipande nilichokiona zikiwa tayari sahanini

Wakuu, kwema huko? Walionizidi umri shikamooni, ingawa humu najua tumebaki wa kuhesabika.

Juzi kuna dada aliuliza jukwaa la mapishi namna ya kuoka kombe nyumbani, wale wa kujaza na kurudisha kwenye gamba lake. Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka.

Nina kisa nacho hicho chakula. Kimenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Anayetaka kusema ni chai ruhusa, ila amalize kusoma kwanza.

Ni miaka ya sabini, Mikumi. Enzi za ujamaa, kila mtu ni ndugu, sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana.

Mimi kwetu ni Vidunda, mlimani. Nimezaliwa Danieli, nimebatizwa, nimesoma shule ya misheni. Nikapata kazi jikoni kwenye hoteli moja ya watalii hapo Mikumi. Kumenya viazi, kukaanga, kuoka, chochote nitakachotumwa na mpishi mkuu.

Kwenye likizo moja nikaenda Kilwa na rafiki yangu wa kazini. Huko ndiko nilikomwona Somoe.

Sitaki kuwachosha na hapo. Kwa kifupi, nilisilimu, nikawa Idrisa, tukaoana.

Ndugu zake hawakuridhika. Mjomba wake alisema mbele ya watu siku ya harusi: "Huyu jina atabadili, lakini tumbo lake litabaki huko huko Vidunda."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini neno lile liliniingia.

Aliyenitetea ni mama mkwe peke yake. Alimwambia kaka yake, "Niachie mkwe wangu." Basi. Nilimpenda yule mama kuanzia siku hiyo.

Tukaja kuishi Mikumi, chumba kimoja na jiko la nje, jirani na barabara kuu. Mwaka wa pili Somoe akashika mimba.

Mimba ikiwa na miezi sita ikaja barua kutoka Kilwa. Mama yake amefariki. Barua ilichelewa njiani, mama alikuwa ameshazikwa kitambo, hata hitima imeshasomwa.

Wakuu, Somoe hakulia.

Ningefurahi kama angelia. Aliikunja barua, akaiweka chini ya mto, akalala ameelekea ukutani. Chakula akawa hali. Uji vijiko viwili, chai nusu kikombe, anasogeza pembeni. Hakuna maneno. Ukimwuliza anasema, "Nimeshiba."

Ikapita wiki, ikapita ya pili, ikaingia ya tatu. Mikono ikawa myembamba na tumbo lipo pale pale. Nesi wa zahanati aliniita pembeni akaniambia bila kuzunguka: "Ndugu Idrisa, huyu asipokula, mtoto hutampata. Na yeye mwenyewe simwoni vizuri."

Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo tangu nizaliwe.

Jirani yetu, Mama Tabu, alikuwa akitoka shamba la kijiji na jembe begani anapitia kwetu moja kwa moja. Alijaribu kila kitu. Mlenda, kuku wa kienyeji, ndizi. Somoe anashukuru vizuri kabisa, halafu hali.

Siku moja nikamwuliza mke wangu, "Niambie kitu kimoja tu ambacho ukikiona utakula."

Akasema, "Kombe za mama."

Sasa kombe utazitoa wapi Mikumi? Kwa msiojua, ni viumbe wa baharini wenye magamba mawili yanayofumba kama kisanduku. Mikumi tuna tembo, tuna nyati, kombe hatuna.

Lakini Mungu ni mkubwa. Jikoni kwetu hotelini kombe walikuwa wanakuja na gari la barafu kutoka Dar, kwa ajili ya wageni. Wanaokwa na unga wa mkate mkavu uliosagwa na kukaangwa, vitunguu na siagi. Mimi mwenyewe nilikuwa naandaa ule mchanganyiko.

Jumapili moja kundi la watalii likaharibikiwa na gari njiani, halikufika. Kombe wapo, wageni hakuna, na kombe akifa hafai tena. Nikamwendea mpishi mkuu, nikamweleza hali ya nyumbani yote. Yule mzee alinitazama, akachukua ndoo, akaweka kombe ishirini na nne wakiwa hai na gunia bichi juu yao. Akaongeza bakuli la ule mchanganyiko nilioukaanga asubuhi.

"Nenda kawahi," akasema. "Hapa nitasema nimetupa."

Nilifika nyumbani saa saba mchana. Mama Tabu alikuwepo, akachungulia ndoo.

"Mwanangu, unapika mawe?"

"Shikamoo mama. Siyo mawe, ni chakula cha kwao."

"Marahaba. Haya, mimi nipo, tuone."

Jirani mwingine naye akasimama kunishangaa, mwanaume mzima nimeinama jikoni na mke yupo ndani. Sikumjali.

Oveni sina. Nikafanya moto juu, moto chini. Sufuria kubwa kwenye jiko, juu yake bati lenye makaa. Kombe nimewachemsha kidogo wakafunguka, nyama nikaikatakata, nikachanganya na ule unga wa mkate wa hotelini, nikairudisha kwenye magamba. Kumi na sita zikaenea sufuriani. Wanane nikawaacha hai kwenye ndoo, niwaoke baadaye.

Harufu ilipoanza kutoka, Somoe aliinuka mwenyewe, akajikokota hadi mlangoni.

Wiki tatu hajainuka bila kushikwa. Mama Tabu alinigusa bega.

Nikamkalisha kwenye mkeka. Nikampa sahani. Akachukua moja, akaishika kwa vidole, akaipuliza. Usoni mwake nikaona sura yake ya zamani.

Na hapo hapo, wakuu, nikaona.

Katikati ya ule unga wa mkate kulikuwa na kipande kidogo chekundu, hakizidi punje ya mtama.

Bekoni.

Kitimoto, kama mnavyoiita nyie vijana. Ule unga wa hotelini tulikuwa tunaukaanga kwa mafuta ya bekoni. Kila siku. Asubuhi ile niliukaanga kwa mkono wangu mimi, na wala haikunijia akilini hata mara moja. Nimelelewa mlimani, kwetu sikukuu bila nguruwe haijakamilika. Kwa mtu aliyezaliwa katika Uislamu kile kitu kinamshtua kwa harufu tu. Kwangu ilikuwa bado ni harufu ya kawaida ya jikoni.

Somoe anaipeleka mdomoni.

Hapa ndipo mnisikilize vizuri. Sikusema hapo hapo.

Nilimtazama. Nikawaza, hajui. Nikawaza maneno ya nesi. Nikawaza yule mtoto tumboni. Nikawaza akila hii atakula na nyingine, kesho atakula ugali, na dhambi itakuwa yangu mimi, si yake. Nikawaza pia nikisema, mjomba wake atakuwa ameshinda. Kombe ikagusa mdomo wa chini.

"Somoe, usile."

Mkono wake uliishia hewani.

"Ina nguruwe. Nimesahau. Ni unga wa hotelini."

Aliiweka sahanini taratibu. Akapangusa mdomo kwa kanga, akapangusa tena, na tena. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Umesahau," akasema.

"Nimesahau."

"Mtu anasahau nguruwe?"

"Mimi nimesahau, Somoe. Sina la kukudanganya. Nimekula vile tangu mdogo, haijanitoka kichwani bado. Nisamehe."

Nikajua sasa ndiyo basi, anarudi kulala, hatainuka tena, na mwenye kosa ni mimi.

Akamgeukia Mama Tabu. "Mama, nitafutie udongo safi."

"Udongo wa nini, mwanangu?"

"Wa kuoshea sufuria. Huyu hajui. Nguruwe inaoshwa mara saba, moja kwa udongo." Akanitazama mimi. "Hukufundishwa?"

Nilifundishwa shahada, nilifundishwa kuswali. Hapo hawakunifikisha.

Mama Tabu akaleta udongo wa kichuguu kwenye ungo. Somoe akakaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, tumbo mbele, ananielekeza. Mimi nasugua. "Hapana, zungusha na nje. Na kisu. Na mwiko. Na mikono yako, Idrisa, mpaka kwenye viwiko." Nilisugua sufuria ile mpaka nikadhani itatoboka. Kila nikimwaga maji anahesabu. Tulipofika ya saba nikagundua ameongea mfululizo kuliko wiki zote tatu zile.

Zile kumi na sita zilizoharibika nikauliza nizipeleke wapi.

"Mimi Mkatoliki," Mama Tabu akasema. "Lete hapa."

Akazibeba. Baadaye alikiri kwangu kwamba alikula unga wa mkate wote, zile nyama za kombe akampa paka.

Kabla hajaondoka alikwenda kwake akarudi na nazi moja, aliyouziwa na dereva wa lori. Somoe alipoiona akanyoosha mkono. Mbuzi ya kukunia ilikuwepo, alikuja nayo kutoka kwao. Akataka kukuna mwenyewe, nikakataa, akakasirika. Wakuu, alikasirika! Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Basi wale wanane waliobaki tukawafanya kwa njia ya marehemu mama yake. Dada uliyeuliza, chukua hapa: nyama ikatwe ndogo, kitunguu, pilipili mbichi, ndimu, tui zito, na unga wa mchele kidogo wa kushikia. Rudisha kwenye gamba, moto juu, moto chini, mpaka juu pakauke. Usiache zaidi, zinakuwa ngumu.

Alikula ya kwanza. Alikula ya pili.

Ya tatu akasema, "Ndimu haitoshi. Mama anaweka nyingi." Na hapo akaanza kulia.

Alilia kwa sauti, kombe mdomoni, machozi na tui vinachanganyika kidevuni. Nilitaka kumpokonya sahani apumzike, akaishikilia. Akaendelea kulia na kula hadi akamaliza zote nane. Mimi sikuonja hata moja.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, akapewa jina la bibi yake. Jikoni hotelini nikaomba wanihamishie upande wa kuoka mikate. Mjomba hajawahi kuambiwa.

Funzo nililopata ni hili. Ukibadili dini, au ukihama kwenu, au ukioa mtu wa mbali, kuna vitu vitabaki ndani yako na hutavijua mpaka siku vitakapokuumbua. Usijifanye vimekwisha. Sema, uonyeshwe namna ya kuosha.

Ila kuna jambo moja ndilo hasa lililonifanya niandike.

Somoe yupo, mzima, sasa hivi kalala kidogo chumbani. Miaka yote hii anawasimulia watoto na wajukuu kwamba baba yao alipoona kile kipande alipiga kelele papo hapo, hakungoja hata kupepesa kope. Anasema siku ile ndiyo alijua kaolewa na Mwislamu. Anasema kwa fahari.

Haikuwa papo hapo. Niliiacha ikamgusa mdomo. Nilikuwa karibu sana kunyamaza, na yeye hajui.

Wakuu, nimwambie, au nimwache na ile hadithi aliyonayo? Semeni kwa uwazi, hata mkinishushua nitapokea.