Unga wa Mama Mdogo Tekla

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikiona mtu anafanya kazi kwa pupa. Sogea nikusimulie.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Kiwanda cha nguo hapa Morogoro kilifungwa, na mama mdogo wangu, Tekla, akarudishwa nyumbani pamoja na wenzake. Wenzake wakaingia kwenye mitumba na maandazi. Yeye akapanda zake Towelo, kule mlimani kwenye baridi, akasema atapika piza. Ujuzi huo aliupata enzi za usichana wake, alipomsaidia sista mmoja Mwitaliano jikoni misheni.

Watu walicheka, wacha we! "Piza ndiyo nini? Si chapati iliyomwagikiwa mchuzi!" Mcheka kilema hafi bila kumfika.

Bwana Hemedi, kijana aliyekuwa amefungua hoteli mjini, akakubali kumjaribu. Jumamosi angepokea walimu wa chuo kutoka Mzumbe. Wakiipenda piza, mama mdogo angepata kazi. Na kazi aliihitaji, mwanangu, maana mimi niliyekuwa naishi kwake, pamoja na wanawe wadogo, tulikuwa tukimtazama yeye.

Akakanda unga mapema, kwa hamira kidogo mno, kama chumvi ya kuonjea. Akautia katika chungu, akakifunika kwa kitambaa, akakiweka ndani ya maji baridi ya kijito. Alisema unga ukiumuka taratibu kwenye baridi hupata ladha yake wenyewe.

Basi Ijumaa mchana, tukamwona Bwana Hemedi anapanda mlima, shati limelowa jasho.

"Shikamoo, mama. Wageni wamewahi kufika. Piza naitaka leo."

"Marahaba, baba." Mama mdogo akafunua chungu, akaubonyeza unga kwa kidole. "Bado haujawa."

Mimi, kwa kuiogopea ile kazi, nikadakia, "Mama, tuongeze hamira tuuweke juani. Saa hizi hizi utaumuka."

"Utaumuka, ndiyo," akanijibu kwa upole, "lakini utajaa upepo mtupu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu." Kisha akamgeukia mgeni. "Leo wape wali, baba. Kesho utakuwa tayari."

"Kesho nitakuwa nimeshapata mpishi mwingine," Bwana Hemedi akasema, akateremka bila kuaga.

Nilimwona mama mdogo akikifunika kile chungu. Alikifunika vizuri, pembe zote za kitambaa, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Asubuhi unga ulikuwa umejaa, laini kama shavu la mtoto. Akauoka kwenye tanuri la udongo, kwa nyanya, vitunguu na jibini ya masista. Wahenga wanasema chema chajiuza. Siku ile chema kilibebwa kichwani hadi mjini, bila kuitwa na mtu. Tuliwakuta wale walimu wanakunywa chai. Mama mdogo akawasalimu, akaweka sinia mezani, akasimama pembeni.

Mwalimu mmoja akaonja. Akachukua kipande cha pili, wenzake nao wakasogea. Bwana Hemedi akaja kuona kulikoni, naye akala, akala tena, hata ukingo uliokauka hakuubakiza.

"Mama," akasema, "mbona hukuniambia kwamba kuna utamu wa namna hii?"

"Nilikuambia, baba. Nilikuambia kesho."

Akacheka hadi akaketi. Jumatatu iliyofuata mama mdogo alianza kazi, na miaka ya baadaye wanawake watatu wa kiwandani walikuwa wakikanda naye.

Mwanangu, mimi ninachokistaajabia si piza. Ni yule mama mwenye shida, aliyeambiwa "leo" na mtu mwenye riziki yake mkononi, akathubutu kusema "bado". Nawe ukijua kazi yako, usikubali kuitoa ikiwa mbichi kwa kuogopa kukosa. Sema ukweli kwa adabu, uimalize, kisha uipeleke mwenyewe, hata kama hukuitwa.

Mungu aibariki mikono yako, akupe moyo wa kungoja na watu wa kula nao. Amina.