Mtungi wa Berthe

Odile Schnebelen alizaliwa milimani, upande ule wa Alsace, huko Ufaransa, wanakolima viazi na kula viazi kutwa kucha. Alipoolewa huku tambarare, kwenye mashamba ya kabichi, mavyaa yake alimcheka: "Mwanangu, kwenu hamna mboga?" Kisha akamfundisha kuzikata kabichi kwa randa refu la mbao lenye visu vinne, kuzitia chumvi na kuzishindilia mtungini mpaka zichachuke.

Tangu hapo, kila Oktoba, Odile alibeba randa lake nyumba kwa nyumba kuwakatia watu kabichi. Zamani zilikuwa nyumba thelathini na tisa. Wazee wakafa, vijana wakazoea za dukani. Ikabaki moja tu, ya shoga yake Berthe Wurtz.

Mwaka ule alimkuta Berthe kitandani, kitanda kimesogezwa jikoni karibu na jiko.

"Umechelewa, mvivu wa milimani we."

"Nimechelewa wapi? Kabichi zako zenyewe zimekonda kama mwenyewe."

Wakacheka, hata Berthe akapaliwa na kikohozi.

"Jaza mtungi wote," alisema alipopata pumzi.

"Nusu itakutosha, shoga."

"Wote, nimesema. Usinihesabie siku mimi."

Odile alikata mpaka mabega yakawaka moto, akashindilia kwa ngumi mpaka maji yakapanda, akafunika na kuweka jiwe juu. Berthe akaomba aonje. Odile akamtilia mdomoni uzi mmoja wa kabichi. Berthe aliufyonza chumvi, akashindwa kuumeza.

Kabichi hutaka wiki sita kuiva. Berthe alifariki siku ya kumi na tisa.

Mwanawe Rémy alitoka mjini kuja kuhamisha vitu vya nyumbani.

"Mama mdogo, dude hili linanuka. Nikalimwage wapi?"

"Usimwage. Halijaiva."

"Likiiva, nani atakula?"

Odile alikwenda kuleta toroli. Rémy alimtazama akihangaika na mtungi, kisha akavua koti, akamsaidia kuusukuma hadi kwake.

Wiki sita zilipotimia Odile aliufunua. Kabichi zilikuwa zimeiva vizuri, nyeupe, kali, labda kuliko zote alizowahi kukata. Alipika, akala sahani moja peke yake, machozi yakimtoka. Nyingine aliwapelekea majirani kwenye mabakuli. Mmoja alipokea kwa adabu. Wengine walimshukuru wakasema wanazo za dukani. Kufikia Machi zilizobaki zililegea na kuwa nyeusi, akazifukia bustanini.

Oktoba iliyofuata hakuna aliyemwita. Siku moja alisimama kando ya shamba akiwatazama vibarua wakipakia kabichi kwenye lori, akanunua moja, akaenda nayo nyumbani ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, akaikata kwa kisu cha kawaida.