Usukani wa Shangazi

Shangazi yangu alifanya kazi ya upimaji ardhi kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alibaki na bega bovu la kulia, na gari la kale la marehemu mumewe, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kuligeuza ilikuwa kama kukoroga zege.

Jumamosi moja nilimsindikiza gereji.

"Fundi, nifungie pawa stelingi, usukani uwe mwepesi," alisema. "Ikishindikana naliuza. Bega limegoma."

Wapenzi wa magari ya kale, ambao hukutana pale uani kila Jumamosi, walisogea na vikombe vyao vya chai. Mfamasia tunayemwita Mzee Asilia, asiyekubali hata balbu ibadilishwe, alisimama kama aliyeletewa habari za msiba.

"Dada, usithubutu! Gari hili liko vilevile lilivyotoka kiwandani. Tazama usukani ulivyo mpana! Siku hizi nani anatengeneza usukani kama huu?"

"Gari ni la kuendeshwa," mwashi mmoja kati yao alimkatiza. Yeye gari lake amelinyanyua mpaka mkewe hupandia kigoda. "Ukitaka pambo, weka chombo cha maua mezani."

"Wewe nyamaza! Lako si gari tena, ni ghorofa."

Shangazi alicheka mpaka akashika bega.

"Kaka yangu, usukani huo ni wa lori. Mwaka nilioteguka bega kule mlimani, marehemu aliufunga ili nisisumbuke kukata kona. Spana nilimshikia mimi."

Mzee Asilia alifuta miwani, akainama, akachungulia nyuma ya usukani.

"Miaka minane naupiga picha," alisema kwa sauti ndogo.

Mwashi alipaliwa na chai.

"Basi kazi aliianza mwenye gari," fundi akasema. "Mimi naimalizia tu."

"Lakini usukani wenyewe usiuguse!" Mzee Asilia alisihi.

"Nani kakwambia nitakubali uguswe?" Shangazi akamjibu.

Wiki iliyofuata, nikiwa nimeketi kando yake, Shangazi alilizungusha gari uani kwa mkono mmoja, wa pili akiwapungia wapenzi wale. Alipofika langoni, Mzee Asilia aliangalia kwanza alipo mwashi, kisha akasogelea dirisha.

"Dada, hebu niambie ukweli. Ni jepesi kiasi gani?"

"Panda uone," alimjibu, akaniamuru nihamie kiti cha nyuma.