Ndagala Hazigeuzwi Zikiwa Mbichi

Nakumbuka asubuhi moja kule Bwiza, mwanangu, mama mkwe wangu aliponichapa mkono mbele ya binti yangu.

Nilikuwa mama kijana. Binti yangu, Mariamu, alikuwa amevunjika mguu, na daktari alimkataza kutembea kwenda shule. Nikaogopa atarudia darasa, nikaamua kumfundisha mwenyewe nyumbani. Nia ilikuwa njema, lakini haraka haraka haina baraka. Kila asubuhi niligonga sufuria kwa kijiko kama kengele, kisha dikte, yaani imla, kisha hesabu. Kabla hajamaliza jibu moja, swali la pili limeshafika. Mtoto ambaye majirani walimwita Redio kwa maswali yake akanyamaza. "Ndiyo, mama," basi. Kimya kile kilinitisha kuliko mguu.

Mama mkwe alikuwa anaanika ndagala uani, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Nikainama nimsaidie kuzigeuza, ndipo akanichapa.

"Apana! Bado mbichi. Ukigeuza sasa, zitavunjika vichwa." Akatazama mlangoni, alipokaa Mariamu. "Na huyu mutoto unamugeuza kila saa, atakauka lini?"

"Sasa nimwache tu, mama?"

"Mi nimesema umuache? Ndagala unaachia paka? Kaa hapo, angalia."

Tukamsogeza Mariamu uani afukuze kunguru. Siku hiyo aliwarushia vijiwe tu. Kesho yake akauliza, "Bibi, kwa nini za pembeni zimekauka, za katikati bado?"

Nikafungua mdomo nieleze. Mama mkwe akanikanyaga mguu.

"We unaona ni kwa nini?" akamuuliza mjukuu wake.

Basi Mariamu akaanza majaribio yake: ndagala nyingine kwenye bati, nyingine kwenye mkeka, nyingine kivulini. Akawa anapima muda, na hesabu ikaingia yenyewe. Akaomba kitabu cha sayansi cha kaka yake, na alipokwama kwenye Kifaransa cha kitabu hicho, akaniita. Kuitwa, mwanangu, si sawa na kujipeleka. Rundo la kivulini lilioza, uani kukanuka, bibi akacheka mpaka machozi. "Hiyo ndiyo ada ya shule!"

Mguu ulipopona alirudi darasani kwake, hakurudishwa nyuma. Ila mwalimu aliniita. "Mama Mariamu, huyu mutoto anauliza sana!" Nilicheka peke yangu njia nzima hadi nyumbani.

Basi wewe unayemfundisha mwanao nyumbani, au unayekaa naye jioni baada ya shule, sikia. Mpe kazi yenye maana, mpe nafasi, kisha kaa karibu. Akiuliza, usikimbilie jibu. Mrudishie swali kwa upole. Akikosea, vumilia harufu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na aliyelelewa kuuliza hapotei njia.

Mungu akupe subira ya kungojea jua, mwanangu, na nyumba yako isikose kelele za maswali.