Ukurasa wa Wazima

Haraka zangu hizi zitanimaliza. Monasteri ya Waorthodoksi kule Ruvu iliniomba kazi ndogo tu: ninakili daftari la darasa lao la kwanza la watu wazima, maana mchwa walishalivamia. Darasa hilo watawa walilianzisha kabla shule yao haijapata hata dawati, na mama mdogo wangu alijifunza kusoma pale pale, juu ya jamvi. Majina yale hayafungiwi kabatini. Mara moja kwa mwaka husomwa kanisani kwenye maombi, kwanza wazima, kisha marehemu.

Mchwa walikuwa wamekula vichwa vya kurasa vilivyotenga wazima na marehemu, na ukurasa mmoja ulikuwa umechomoka. Nikaunakili upande wa marehemu. Ningeuliza, ningekufa? Lakini nilitaka kuwahi kurudi nyumbani Misugusugu. Majina yenyewe yalikuwa ya ubatizo matupu, na la mama mdogo sikulijua. Kwetu nani anamwita mama yake mdogo kwa jina?

Siku ya maombi alikaa benchi la mbele, kajifunga kilemba kipya. Orodha ya wazima ikaisha, akanigeukia. Mtawa akaingia orodha ya marehemu. Majina machache tu, mama mdogo akanikamata mkono, vidole vya baridi.

"Hilo langu," akasema.

Watu wote wakaitikia, wakamwombea kumbukumbu ya milele, naye yuko hapo anawasikia. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Tangu siku hiyo akaanza kubadilika. Chai inapoa mbele yake. Anauliza mlango wa chumba chake uko wapi. Asubuhi moja aliniita kwa jina la dada yangu tuliyemzika zamani, tena kwa furaha. Nilijiambia ni uzee tu, lakini moyo ukakataa: ni wewe uliyemuua kwenye karatasi. Niliogopa, sifichi.

Nikamrudisha monasteri tulisahihishe daftari. Mtawa mzee, baada ya shikamoo zetu, alimwomba radhi, akalikata jina lake kule kwa marehemu, akafungua ukurasa wa wazima.

"Andika mwenyewe, mama. Si hapa ulipojifunzia?"

Mama mdogo akacheka, akashika kalamu vizuri kabisa, akaandika herufi ya kwanza. Kalamu ikasimama. Akaninong'oneza, kwa aibu.

"Mwanangu, inayofuata ni ipi?"

Mimi kuandika nilifundishwa na yeye.