Mwani Uliosuuzwa kwa Maji ya Pipa

Mama yangu mdogo Veridiana, wa kijiji cha Mkunya, alikuwa na mgongo mbovu na ulimi usiopumzika. Vyote viwili alivipata kwa maji. Newala tuko juu, maji yako chini bondeni. Mwanamke anashuka alfajiri, anapanda jua limeshakuwa kali, na debe moja tu kichwani.

Mwaka 1956 aliajiriwa na Bwana Haris, mtaalamu Mzungu aliyepandisha magunia ya mwani kutoka Mtwara ili upepo wetu uukaushe. Ulikuwa mwani unaoelea, usio na mzizi. Bwana alimweleza kwamba bahari ina shaba, zinki, hata vitu vyenye mionzi, ila kidogo mno kupimika. Mwani huvinyonya siku baada ya siku, kama kuku anayeokota punje mojamoja hadi anashiba. Ukiuchoma, majivu yake ndiyo hupimwa. Lakini kwanza usuuzwe, kwa maji ya bondeni tu.

"Maji ya kunywa yaoshe majani!" Mama mdogo alichemka, lakini alibeba wiki nzima. Wiki ya pili mvua ikanyesha, pipa la bati nyuma ya nyumba likajaa, akasuuzia hayo. Nani angeshuka tena bonde lile kwa ajili ya majani?

Majibu ya maabara yakarudi: nusu ya mifuko ya mwani iliyopelekwa huko, zinki imezidi ajabu. Bwana akamgeukia Cyril, karani aliyeandika vibandiko vya mifuko, baba wa Priska na wadogo zake wanne. Umechanganya mifuko, akamwambia, Jumamosi uondoke.

Cyril alilia mbele za watu. Mama mdogo aliona mifuko yenye makosa ni ile ya wiki ya mvua, akajua. Siku mbili aligombana na kila kilichopita mbele yake, maana akisema, kazi hana. Jumamosi akaingia ofisini.

"Bwana, Baba Priska hana kosa. Nilisuuzia maji ya pipa la bati. Mgongo ulinishinda."

Bwana akashika kichwa. "Bati hupakwa zinki, Veridiana!" Mwisho akasema hafukuzwi mtu, ila utaletwa mwani mwingine, naye Mama mdogo ateke madebe ishirini ya maji ya bondeni.

Ishirini! Mama mdogo alitoka anafoka, akamkuta Cyril mlangoni anatabasamu. Mpaka siku hiyo Newala haikuwa imeona mwanamume na debe kichwani.

"Baba Priska," akasema, akimtwika, "tangulia."