Jezi Moja, Timu Mbili

Nakumbuka baridi ya jezi ile, mwanangu, kuliko ninavyokumbuka mtihani wowote wa chuoni. Na kwa vile nasikia wamekuchagua kuwa mweka hazina wa michezo, kaa hapa nikusimulie.

Nilikuwa na cheo hicho hicho hapa Bunia, tena nilikuwa kipa wa timu ya wavulana. Usicheke, enzi hizo nilikuwa mwembamba. Pesa za michezo nilizimaliza kwa viatu vyetu, safari zetu na mbuzi wetu wa kila baada ya mechi. Wasichana hawakupata kitu. Sisi tukimaliza kucheza tulivua jezi, wao wakazivaa na jasho letu bado bichi. Wengi wakaacha, wakabaki kumi na mmoja tu. Kapteni wao, Furaha, akaja kuniomba jezi zao wenyewe, akaniambia kwamba akitoka mmoja tena, timu imekufa.

Nikamjibu kwa madaha, "Furaha, jezi iko ya siye wote."

Jumamosi iliyofuata tulicheza na timu za mtaa wa Lumumba. Mkubwa wa chuo akaagiza wavulana wacheze mwisho, wageni waalikwa wakiwa wameshafika. Nilifurahi mno, hata sikuwaza habari ya jezi. Wasichana wakaanza, na mvua nayo haikusubiri. Kipa wao alidaka mipira kwa tumbo, akigaagaa matopeni. Walishinda, wakatuletea jezi zikichuruzika matope.

"Siye hatuvai hii!" wavulana wakapiga kelele.

Furaha akanikabidhi ya kipa kwa mikono miwili. "Kaka, jezi iko ya siye wote. Ni weye ulisema."

Mzee Lobo, mlinzi wa uwanja, alicheka mpaka akashika mlingoti wa goli. "Kila siku bale batoto banamuke iko navaa jasho yenu, hamusemi kitu. Leo matope yao iko nawashinda?"

Mwamuzi akatazama saa. Nikavaa. Kila nilipopiga chafya bao liliingia, na nilipiga chafya mara nne. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Niliona haya, mwanangu, haya ya kweli. Kabla hata ya kuvua, nikamwahidi Furaha mbele ya watu wote kwamba pesa zinazofuata zitanunua jezi zao kwanza. Nikatimiza, na mbuzi mmoja akaongezewa maisha.

Basi shika hili: fungu unalomkatia mwenzako, lijaribu kwanza mwilini mwako. Likikuwasha wewe, naye linamwasha. Wasichana hawakuombi zawadi, wanadai chao. Nenda, mwanangu, Mungu akupe mkono usiopendelea, na akuepushe na jezi yangu.